Kilio cha Kalonda

Kasongo, tarehe 14 Oktoba 2023

Ndugu Gaston,

Jambo ninalokuandikia hapa sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu. Sentensi uliyoilalamikia ni yangu. Mzee Kamaldine anaisoma tu kwenye redio kila Ijumaa jioni, na watu wanampongeza sokoni kwa Kiswahili chake kizuri. Maandishi yenyewe ninayaandika mimi nyumbani, juu ya meza ya cherehani ya mama, kisha ninampelekea dukani kwake yakiwa yamekunjwa ndani ya kitabu cha jiografia ili nisiulizwe njiani.

Kwa hiyo barua yako ya hasira ilikuwa ya kwangu, ingawa hukujua.

Naitwa Rachida. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari. Kikundi chetu cha Historia ya Kasongo kina watu wanne tu: Mzee Kamaldine, ambaye anauza vitambaa na zamani alikuwa mwalimu, Baba Souleymane, mwadhini, Alimasi, fundi wa simu, na mimi, ambaye walinichukua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea historia. Tunawauliza wazee, tunabishana, kisha ninaandika. Alimasi anarekodi kipindi na kukigawa kwa simu. Nadhani ndivyo kilivyofika kwenu, mfukoni mwa motari fulani, mwendesha pikipiki.

Sentensi ilisema: "Watu wa kutoka Kabambare walifika Kasongo kwa miguu yao, wakitafuta chumvi na nguo." Wewe ukaandika: "Kwa miguu yao, sawa. Lakini kamba ya shingoni ilishikwa na nani?"

Mzee aliisoma barua yako amesimama, akanipa. Akasema, "Umujibu huyu kijana na adabu, lakini usibadilishe kitu." Basi ninakujibu kwa adabu: ni kweli kulikuwa na biashara, kulikuwa na ndoa, na wengi walikuja kwa hiari. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa niseme.

Sasa swali langu mwenyewe: wewe unajua nini? Mpe barua Mahamudu, motari anayekwenda Salamabila. Anapita kwenu na anapita kwetu. Mimi sina simu.

Rachida binti Yusufu


Kabambare, tarehe 2 Novemba 2023

Dada Rachida,

Nilifikiri nimemtukana mzee mwenye ndevu nyeupe, kumbe nimemtukana mwanafunzi kama mimi! Ninaomba samahani nusu. Nusu ya pili ninaibakiza mpaka ile sentensi ibadilike.

Kikundi chetu kina watu wawili, kwa hiyo nyinyi ni jeshi. Ni mimi na mwalimu Emile. Yeye ana baiskeli, mimi nina kalamu, na Jumamosi tunakwenda kwa wazee. Wengine wanatufukuza, wanasema tunahesabu watu kwa ajili ya kodi.

Lakini jambo hili silijui kutoka kwa wazee wa nje. Linatoka kwa Koko Clémentine, mama wa mama yangu. Nisikilize vizuri.

Bibi yake Koko alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Kalonda. Kijiji chao kilikuwa upande wa mto Luama. Wanaume walikuwa wamekwenda kuwinda. Kabla jua halijatoka, kanga walioko kando ya mashamba walianza kulia. Unajua kanga: akimwona mgeni anapiga kelele kama mtu anayeibiwa. Wanawake wakaelewa kuwa msafara unakuja, wakachukua watoto, wakakimbilia msituni. Walipofika mbali kidogo, mama yake Kalonda akakumbuka kwamba moto umeachwa unatoa moshi, na moshi utaonyesha kwamba watu hawajaenda mbali. Akamwambia Kalonda, kwa sababu alikuwa na mbio kuliko wote: "Rudi ufunike moto kwa majivu."

Kalonda akarudi. Moto aliufunika, maana moshi haukuonekana tena. Yeye hakuonekana tena vilevile.

Tangu siku hiyo wanawake wa ukoo wetu hawali kanga, kwa sababu aliwaonya. Wanaume wanakula, kwa sababu wao hakuwaonya. Na kanga akipikwa kwenye nyumba yetu, mwanamke anaweka majivu kidogo kwenye kizingiti, mara tatu, kwa mkono wa kushoto. Hata mama yangu anafanya hivyo, na yeye ni mwimbaji wa parokia!

Kilio cha Kalonda hakijafungwa mpaka leo. Hakuna aliyeona maiti, kwa hiyo hakuna aliyenyolewa nywele, na jina lake haliwezi kupewa mtoto. Dada yangu Arlette alizaa msichana mwezi wa nane. Koko anataka mtoto huyo awe Kalonda. Anasema hataki kufa na kuwakuta wazee wake wanamuuliza, "Mtoto yuko wapi?" Anakohoa sana, haondoki tena kitandani. Mtoto tunamwita Mgeni kwa sasa.

Kwa hiyo ninakuomba. Wengi wa watu waliokamatwa na misafara walipelekwa Kasongo. Je, kwenu hapo kuna nyumba ambayo wanawake hawali kanga na wanaweka majivu mlangoni? Ukiiona niambie tu. Hatutaki mali, hatutaki kesi. Koko anataka kujua alilala wapi, basi.

Gaston


Kasongo, tarehe 20 Novemba 2023

Yaya Mounira,

Dada yangu, ninakuandikia kwa sababu simu ni ya Papa, na Papa anapenda kuongea kwa sauti ya nje mpaka majirani wanakusalimia. Barua hii usimwonyeshe mtu huko Kindu. Usimwonyeshe hata mchumba wako Abdoul. Hasa Abdoul.

Kuna kijana wa Kabambare ambaye aliandikia kikundi chetu. Ninaweka barua yake hapa ndani. Isome kwanza, kisha urudi kwangu.

Umeisoma?

Sasa kumbuka hadithi ambayo Bibi Asma anatusimulia. Bibi yake, Bibi Faida, alitoka pwani pamoja na mume wake mfanyabiashara. Usiku mmoja njiani msafara ulikuwa umelala, washenzi wakaja kuwavamia, kanga wakalia, watu wakaamka, na Bibi Faida akafunika moto kwa majivu ili wasionekane. Ndiyo maana sisi wanawake hatuli kanga. Ndiyo maana tunaweka majivu mlangoni.

Yaya, ni hadithi ileile. Imegeuzwa tu kama nguo: waliokuwa wanakuja wamekuwa waliokuwa wamelala.

Nimeifikiria kwa namna mbalimbali. Kama hadithi ilikuwa ya mfanyabiashara, kwa nini Papa anakula kanga? Kwa nini wajomba wote wanakula? Msafara mzima uliokolewa, lakini shukrani ni za wanawake peke yao. Na pwani kuna nani anayemwogopa kanga? Nilimuuliza Baba Souleymane, ambaye mama yake kweli alifika Bagamoyo, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Lakini sikuandika barua hii ili nikuambie hayo. Ninaandika kwa sababu ya nilichofanya dukani.

Nilipeleka barua ya Gaston kwenye kikundi kabla sijaisoma yote, kwa sababu nilitaka waone kwamba mtu amenijibu. Mzee Kamaldine akaisoma kwa sauti yake ya redio. Alipofika kwenye kanga, Alimasi akapiga magoti kwa kucheka. "Eee, Rachida! Mushenzi wako anakuandikia! Mahari atatoa kanga wangapi?" Baba Souleymane naye alikuwa anafuta machozi. Mzee akasema, "Watu wa pori, kila ndege kwao iko na hadithi." Kisha akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Wewe, mutoto wa Asma, kwenu munakula kanga?"

Nikasema, "Tunakula, Mzee."

Na nikacheka, Yaya. Nilicheka pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wao, mimi ambaye darasani sisikiki hata nikiitika jina langu. Mzee aliendelea kuniangalia kidogo, kisha akakunja barua.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi ameinama mlangoni. Papa alikuwa amenunua kanga kwa ajili ya wageni. Bibi alikuwa anaweka majivu kwa mkono wa kushoto. Nikamruka pale mlangoni bila kumsalimu.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Rachida


Kindu, tarehe 4 Desemba 2023

Mdogo wangu Rachida,

Nyamaza.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ninakujua, utanitafutia sababu mpaka kesho. Basi sababu ni hizi.

Mama yake Abdoul alikuja mwenyewe hapa Kindu mwezi uliopita, akakaa kwenye kitanda changu cha chuo, akaniuliza mizizi yetu. Papa alikuwa ameshamjibu kwa simu: bibi mkubwa alitoka pwani. Mama huyo alinishika mkono, akasema, "Ndiyo maana uso wako iko na heshima." Harusi ni baada ya Ramadhani. Unataka nimwambie sasa kwamba heshima ya uso wangu ilipatikana msituni, na kamba shingoni?

Hapa chuoni kuna msichana ambaye wenzake waligombana naye juu ya ndoo ya maji. Mmoja akamwita mtumwa, akasema hata bibi yake alinunuliwa. Wiki nzima hakuna aliyekaa naye kantini. Mimi pia sikukaa naye. Nilikuwa na sahani mkononi, nikamwona, nikapita. Kwa hiyo usinifundishe aibu, ninaijua.

Huyo kijana wako mwambie hakuna nyumba kama hiyo. Kanga wanauzwa sokoni, watu wananunua, imekwisha. Kama jambo hili ni la kweli, litakuwa la kweli hata mwaka ujao. Mtu wa zamani hawezi kuchelewa.

Na barua yake ninakurudishia humu ndani, uichome.

Dada yako anayekupenda,
Mounira


Kasongo, tarehe 10 Desemba 2023

Ndugu Gaston,

Ninaomba radhi kwa kuchelewa. Pikipiki zote zimekodiwa na wagombea wa uchaguzi, na Mahamudu anabeba watu wenye bendera badala ya barua.

Nimeuliza kuhusu nyumba uliyoitaja. Hakuna. Kanga wanauzwa sokoni hapa kila siku, na wanawake wananunua kama kawaida. Wazee wa kikundi wanasema wengi waliochukuliwa kutoka upande wenu hawakufika Kasongo, njia ilikuwa ngumu, hasa kwa watoto. Nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Ninakutakia masomo mema na mtihani mwema wa Serikali mwakani. Mimi pia nina mengi ya kusoma, kwa hiyo huenda nisiandike tena kwa muda.

Msalimie Koko.

Rachida


Kabambare, tarehe 22 Januari 2024

Dada Rachida,

Asante. Ninaanza na asante kwa sababu Koko ameniamuru, na ananiangalia ninavyoandika ingawa hajui kusoma. "Umeandika asante?" Nimeandika, Koko. "Andika tena." Asante.

Barua yako nilimsomea siku ya Noeli, baada ya misa. Aliuliza maneno yale mara nyingi: hawakufika, njia ilikuwa ngumu, hasa kwa watoto. Kisha akasema, "Basi alikufa njiani." Akalia kama habari imetokea asubuhi hiyo. Sijawahi kumwona Koko akilia hivyo, hata alipokufa babu. Alikuwa anasema, "Mtoto mdogo hivyo, na hakuna wa kumpa maji." Tulishindwa kumnyamazisha.

Mwishowe akatuliza moyo. Alisema sasa tunajua, na mtu akijulikana amekufa, kilio kinaweza kufungwa. Kwetu asiyeonekana maiti anazikwa kwa mgomba. Mjomba alikata shina la mgomba, urefu wa mtoto wa miaka kumi. Koko mwenyewe alisema urefu, alinyoosha mkono akiwa kitandani: hapa. Wanawake walilifunga kwa kitambaa cheupe. Tulilizika nyuma ya nyumba, kandokando ya njia ya zamani ya msafara. Mama na shangazi zangu walinyolewa. Mimi nilichimba pamoja na mjomba.

Jina la Mgeni bado. Koko anasema atasubiri kidogo, kwa sababu kumpa mtoto mdogo jina la mtu aliyekufa mtoto kunamtia hofu. Anafikiri sana juu ya jambo hilo, na hali chakula vizuri.

Sasa nusu ya samahani niliyobakiza, nakupa. Nilikuandikia vibaya mara ya kwanza, nikasema nyinyi wa Kasongo mnaficha. Kumbe ungeweza kutupa barua yangu, lakini ulikwenda kuuliza watu nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mtu asiye wako. Mwalimu Emile anasema hiyo ndiyo kazi ya historia, na amenionya juu ya mdomo wangu.

Koko anakutumia asali. Mahamudu akisema imemwagika njiani, usimwamini.

Gaston


Kabambare, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Mounira,

Tazama hapo juu nilipoandika jina la mji. Niko Kabambare pamoja na Bibi Asma. Papa atakuwa amekupigia simu tayari na utakuwa umelia. Ninakuandikia yote niliyofanya, kwa utaratibu, ili usisikie kwa watu.

Barua ya Gaston ilifika pamoja na asali, haikumwagika. Nilisoma barua, sikuweza kugusa asali. Wewe ulisema mtu wa zamani hawezi kuchelewa. Lakini, Yaya, mimi nilimuua. Bibi Faida alizeeka, alizaa, alizikwa na watu wake, sisi tunalisafisha kaburi lake kila Shaabani. Mimi nilichukua karatasi nikamfanya afe njiani na miaka kumi, bila maji. Na wakanishukuru.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Bibi. Alikuwa anachagua mchele. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, hata kucheka kwangu dukani. Hakuinua uso. Akasema, "Funga mlango."

Kisha akasema, "Bibi yangu alipotwanga peke yake alikuwa anahesabu mapigo. Hakuhesabu kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa mutoto, nikaanza kumuiga, nikaona ni muchezo. Mama yangu akanipiga mdomoni. Alisema, ukirudia tena utatuuza wote. Basi sikurudia. Nilijua iko kitu. Sikutaka kujua ni nini." Aliendelea kuokota mawe kwenye mchele. Baadaye akasema, "Na wewe umepigwa mdomoni na nani?"

Hakuna aliyenipiga, Yaya.

Papa alikataa. Alimwambia mama mkwe wake, "Mama, na harusi ya Mounira?" Bibi akamjibu, "Harusi ni ya mujukuu wangu. Kaburi ni la bibi yangu. Hakuna niliyemukana mpaka leo, isipokuwa yeye." Papa akatoka nje, akakaa ndani ya gari la jirani lisilo na matairi mpaka giza.

Kesho yake Bibi alivaa vizuri, akaenda kwa mama yake Abdoul. Alikataa nimsindikize. Aliporudi nilimuuliza walisemaje. Akasema, "Aliniletea chai. Hakuinywa ya kwake." Zaidi ya hayo sijui. Hawajatuma mtu kusema ndiyo wala hapana. Yaya, kwa hilo sijui nikuombeje msamaha. Najua nimegusa maisha yako bila ruhusa yako, na kwamba ulinisihi. Ukinichukia nitaelewa.

Nilikwenda pia dukani kwa Mzee Kamaldine. Alimasi na Baba Souleymane walikuwepo. Nilisema mbele yao kwamba nyumbani kwetu wanawake hawali kanga, na kwamba siku ile nilidanganya. Walisikia wote. Alimasi alianza, "Kumbe mushenzi ni..." kisha akaona uso wangu, akashika bisibisi yake. Nilimwomba Mzee aseme kwenye redio kwamba sentensi ya Kabambare haikuwa sahihi. Alisema hawezi. Nikasema basi sitaandika tena.

Alinifuata nje mpaka kwenye mtaro. Alikuwa anazungusha mita yake ya mbao mikononi, ile ya kupimia vitambaa. Akaniambia kwa sauti ndogo, sauti ambayo redio haijawahi kuisikia, "Mutoto wa Asma, unafikiri ni nyinyi peke yenu? Siku ile nilikuuliza mbele ya watu kwa sababu nilitaka useme ndiyo, ili na mimi niseme. Ukacheka. Nikasema basi, bado." Nilimuuliza kwao wana nini. Alitikisa kichwa, akarudi ndani kumpimia mteja.

Tulisafiri kwa pikipiki mbili. Mahamudu alimbeba Bibi na alimfunga kwake kwa kanga ya nguo kama mtoto, na Bibi alimtukana kila shimo. Kijijini Lusangi mvua ilitulaza kwa watu tusiowajua. Nilikuwa nimetuma barua fupi mbele yetu, yenye maneno machache tu: Kalonda alifika Kasongo, tunakuja, nilidanganya.

Gaston alikuwa amesimama barabarani. Ni mfupi kuliko maandishi yake, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimsalimu Bibi kwa mikono miwili, akambebea mzigo. Mimi aliniangalia akasema, "Ni wewe 'Hakuna'?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mama yangu amenyolewa kichwa." Akatangulia mbele na hakunisemesha tena njia nzima. Alikuwa na haki.

Koko Clémentine ni mdogo sana kitandani, kama nguo zilizokunjwa. Walimweka Bibi kwenye kiti karibu yake. Nyumba ilijaa wanawake wenye vichwa vipya vya kunyolewa, na kila kichwa nilikiona kimenielekea mimi.

Bibi alisimulia kama tunavyosimulia sisi: msafara, usingizi, kanga, majivu. Hakuigeuza. Wanawake walianza kunung'unika, lakini Koko aliinua kidole wanyamaze. Bibi alipomaliza, Koko akauliza, "Majivu munaweka kwa mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Koko akafumba macho. Nilifikiri amelala. Kisha akaanza kuuliza haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa na kikohozi.

"Aliolewa?"

"Alichukuliwa ndani na mwenye nyumba. Baadaye yule akafa, akaolewa na fundi wa viatu. Huyo alimupenda."

"Alipigwa?"

"Sijui, dada. Nisikudanganye. Sijui."

"Alizaa?"

Bibi akataja watoto, akashuka kwa wajukuu, akajitaja mwenyewe, akamtaja mama yetu, akakutaja wewe, Yaya, Mounira anayesoma Kindu, akanitaja mimi. Koko alikuwa anarudia kila jina. Jina lako alilirudia vizuri.

"Na alizeeka?"

"Alizeeka! Alizeeka mpaka akawa kipofu. Alikuwa anatupiga na fimbo, anakosea mutu."

Koko Clémentine akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wakamwinua, na akiwa bado anakohoa alikuwa anasema, "Alizeeka. Munasikia? Kalonda alizeeka." Arlette akamleta mtoto, akamlaza kati ya wazee wawili. Bibi Asma alikuwa analia bila kujifuta.

Kisha Koko akauliza, "Ni nani alileta habari kwamba amekufa njiani?"

Hakuna aliyenitaja. Hata Gaston alitazama chini. Nikasema, "Ni mimi, Koko."

Hakuniuliza sababu. Nilikuwa nimetayarisha sababu zangu zote njiani, kwa mpangilio, na hakuna aliyezihitaji. Akasema, "Mutu hawezi kuwa na makaburi mawili. Chukua jembe."

Mjomba alinionyesha mahali. Gaston alinipa jembe, akasimama kando. Niliondoa mawe niliyoyakuta juu, nikayaweka upande mmoja. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya mvua. Nilichimba mpaka nikaona kitambaa, nikaacha jembe, nikaendelea kwa mikono. Shina lilikuwa limeoza, likakatika nilipolivuta, maji yake yakanimwagikia kwenye nguo. Nilitoa vipande vyote, nikavibeba kwa safari kadhaa mpaka kwenye shamba la migomba, nikavitupa kama takataka nyingine za shamba. Kitambaa nilikifua mtoni. Kisha nilijaza shimo, nikasawazisha udongo kwa miguu, nikarudisha jembe kwa Gaston. Alilipokea. Nikanawa, nikaingia ndani, nikakaa chini kati ya wanawake mahali waliponionyesha.

Rachida